Riwaya Iliyoanza Mara Saba: Kisa cha Karani Mmoja Anayependa Kusoma

Alinijia na madaftari saba yaliyofungwa kwa uzi. Akayaweka mezani, akakaa, akasema: "Mwalimu, hii ni riwaya yangu. Naomba uniambie ipi ndiyo yenyewe."

Nilidhani ni kazi ndefu iliyojaza madaftari saba. Kumbe ni sura tatu za mwanzo, zimeandikwa mara saba.

Nimesoma na kuhariri miswada ya waandishi chipukizi kwa miaka mingi, na kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Jina lake naliacha. Nakiandika kwa sababu tatizo lake nimeliona kwa vijana wengi wanaopenda kusoma kuliko wanavyopenda kitu kingine chochote, na pia kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa vibaya mwanzoni nikampa dawa isiyo yake.

Siku zake

Ana miaka 22. Ni karani wa masjala. Kutwa anapokea barua, anazipa namba, anazipachika kwenye majalada, anatafuta jalada ambalo mtu ameapa kwamba alilirudisha juzi. Kazi haimchoshi mwili sana, inamchosha macho, na macho ndiyo mtaji wake wa usiku. Anaishi kwa dada yake mkubwa, analala chumba kimoja na watoto wawili wa dada. Meza yake ya kuandikia ni kipande cha ubao anachokiweka mapajani, kitandani, watoto wakishalala.

Kusoma kwake hakuna saa. Anasoma ndani ya basi asubuhi na jioni, mara nyingi amesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine kitabu, ukurasa anaugeuza kwa kidole gumba. Amepitishwa kituo mara nyingi hata makondakta wa njia hiyo wamezoea kumwita kikifika. Anasoma kwenye foleni. Usiku anasoma kwenye simu, mwanga ameushusha hadi mwisho, amejifunika shuka gubigubi asije akaamsha watoto. Riwaya moja kwa wiki, pengine mbili. Nilipomuuliza anapenda za aina gani alinyamaza kidogo, kwa sababu hachagui: za mapenzi, za upelelezi, za kihistoria, zilizotafsiriwa, za zamani zilizokwisha kupoteza jalada, za juzi. Kinachopatikana ndicho kinachosomwa, na kinasomwa hadi mwisho.

Kuandika kulianza saa tatu na nusu usiku na kuendelea hadi usingizi ushinde. Lakini kabla ya kushika kalamu alikuwa na desturi moja. "Nasoma kwanza kurasa kama ishirini hivi, mwalimu, ili lugha ije. Napasha moto."

Sentensi hiyo niliiandika pembeni ya karatasi yangu siku ile ile nikaipigia mstari. Nilijua ina kitu ndani yake. Sikujua bado ni kitu gani.

Madaftari

Hadithi yenyewe ni hii. Msichana anakuta bahasha ya zamani nyumbani kwao. Ndani mna barua ya kumkubalia nafasi ya masomo, iliyoandikwa miaka minne nyuma, na jina lililoandikwa juu yake ni lake. Hakuwahi kuiona. Baba yake, fundi seremala, aliipokea akaificha. Sura ya kwanza anaipata, ya pili anahakikisha kwamba ni ya kweli, ya tatu anakwenda karakana kumkabili baba.

Nilisoma madaftari yote kwa siku nne. La kwanza linaanza hivi:

"Bahasha ilikuwa mezani tangu asubuhi, na hakuna aliyeigusa."

Hiyo ni sentensi nzuri. Haina pambo, inauliza swali bila alama ya kuuliza, na mtu akiisoma atataka ya pili. Daftari la pili:

"Hatua tatu. Mlango. Kimya. Bahasha ilikuwa wazi."

Nilimuuliza alikuwa akisoma nini wakati ule. Akacheka, akaziba uso kwa viganja. Riwaya tatu za upelelezi, mfululizo.

La tatu limehamia nafsi ya kwanza na wakati uliopo: "Naingia. Naiona. Najua kabla sijaigusa." La nne linazungumza kizee: "Penye wazee haliharibiki neno, lakini nyumba ile ilikuwa na wazee watatu, na neno lilikwisha kuharibika." Hilo lilinifurahisha kwa kweli, ila lilidumu kurasa tano tu, kisha methali zikawa nyingi kuliko matukio. La sita limeandikwa kama barua. La saba linaanzia mwishoni na kurudi nyuma.

La tano nataka kukaa nalo kidogo, maana ndilo lililonisikitisha:

"Ilikuwa ni asubuhi ambayo haikuwa tofauti na asubuhi nyingine ambazo msichana huyo alikuwa amezizoea, isipokuwa kwa bahasha ambayo ilikuwa imewekwa juu ya meza ambayo baba yake alikuwa ameitengeneza."

Amba- nne ndani ya sentensi moja. Si kwamba hajui kusema "bahasha iliyowekwa juu ya meza aliyoitengeneza baba." Ndivyo anavyosema akizungumza, bila kufikiri. Lakini mwezi ule alikuwa amezama katika riwaya zilizotafsiriwa, na mfasiri mmoja baada ya mwingine alikuwa amefuata umbo la sentensi ya kigeni hatua kwa hatua, na sikio lake likalibeba umbo lile likalileta nyumbani. Sikio lake ni jepesi mno. Linabeba kila kitu. Kipaji hicho ni kikubwa, na wakati ule ndicho kilichokuwa kinamwangusha.

Kisha nikahesabu. Kila daftari lina maneno kama 9,000. Mara saba ni 63,000. Tuzo za Hugo na Nebula, zinazotolewa kwa hadithi za kubuni za kisayansi na kifantasia, huanza kuihesabu kazi kuwa riwaya ikifikisha maneno 40,000. Kwa hiyo binti huyu, aliyekuwa akijiita mvivu na "mtu wa kuanza tu", alikuwa amekwisha kuandika urefu wa riwaya na zaidi, ubao mapajani, baada ya siku nzima ya majalada. Nilimwambia hesabu hiyo kabla ya kumwambia jambo lingine lolote. Alitoa macho, kisha akaanza kulia. Nilimwacha alie.

Dawa yangu ya kwanza, na kosa langu

Nilichokiona kilikuwa wazi, au nilidhani ki wazi. Mwandishi amemezwa na anachokisoma. Kila kitabu kipya kinampa sauti mpya, na sauti mpya ikifika ile ya zamani inamchukiza, basi anarudi mwanzo. Nikamwambia aache kusoma riwaya kwa siku 21 huku akiendelea kuandika.

Alitii. Vijana wa namna hii wanatii, na ndiyo maana tunapaswa kuwa waangalifu na tunachowaagiza.

Wiki ya kwanza aliandika kurasa tisa. Wiki ya pili aliniletea nne, na nilipozisoma nilishtuka. Lugha ilikuwa imekauka. Vitenzi vyote vilikuwa vile vile: alikwenda, alisema, aliona, alikuwa. Aya moja ilikuwa na "alisema" mara tisa. Lile sikio jepesi, lisipolishwa kitu, lilianza kulisha kutoka kwa kilichobaki, yaani barua za masjala. Nikakuta msichana wa riwaya "akifanya mawasiliano na" mama yake kuhusu bahasha. Na yeye mwenyewe alikuwa amenywea. Nilimuuliza vipi, akajibu: "Basi limekuwa refu, mwalimu."

Hapo nilielewa nimefanya nini. Dakika zile za basi ndizo muda pekee katika siku yake ambao hakuna mtu anayemdai kitu, si bosi, si dada, si watoto. Nilikuwa nimemnyang'anya chakula nikidhani namwondolea sumu. Nilimwomba radhi, nikamwambia arudi kwenye vitabu vyake siku ile ile. Alinijibu kwamba kitabu kipo kwenye mkoba, alikibeba kila siku bila kukifungua.

Isitoshe, kuiga peke yake si ugonjwa. Benjamin Franklin, kabla ya kuwa mwanasiasa na mwanasayansi mashuhuri wa Marekani, alikuwa kijana mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake mjini Boston, alikoingia akiwa na miaka 12. Alikuwa akiazima vitabu jioni kutoka kwa vijana wenzake wa maduka ya vitabu na kusoma usiku, kwani ilibidi virudishwe asubuhi mapema. Katika tawasifu yake anaeleza zoezi alilojitungia: alichukua makala za jarida la The Spectator la London, akaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuzijenga upya kwa maneno yake bila kutazama kitabu. Mwisho alilinganisha na makala yenyewe na kusahihisha makosa yake. Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, alianza kuandika barua kwa jina la mjane wa kubuni na kuzipenyeza usiku chini ya mlango wa kiwanda kile kile, na kaka yake akazichapisha bila kujua mwandishi ni nani.

Kijana yule aliiga kwa bidii, ila aliiga mahali pa kuigia. Binti wangu alikuwa anaiga ndani ya riwaya yake. Nikamwambia anunue daftari la nane liwe la mazoezi: kitabu kikimvutia, achukue aya moja, aifanye alivyofanya Franklin, afunge daftari. Mtindo wa mtu mwingine upate chumba chake, usilale kitanda kimoja na mswada.

Hilo lilisaidia, na mpaka leo analo. Lakini sura ya nne haikuja. Wiki mbili zaidi, na bado yuko sura ya tatu, anapanga upya sentensi zake.

Kurasa za mwisho

Naandika sehemu hii polepole, maana hapa ndipo penye kisa.

Usiku mmoja niliyatandaza madaftari yote saba mezani kwangu. Mara zote nilikuwa nimeyalinganisha kwa kurasa za kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniuliza kuhusu mwanzo. Safari hii niliyafungua mwishoni.

Daftari la kwanza: msichana yuko mlangoni kwa karakana, baba amempa mgongo, randa inakwenda na kurudi juu ya ubao, barua iko mkononi. "Alifungua mdomo." Mwisho wa sura. La pili: "Mlango. Mgongo. Randa. Akafungua mdomo." La tatu: "Nafungua kinywa." La nne, kwa kizee chake, linasema ulimi hauna mfupa lakini wake siku hiyo ulikuwa nao. La tano lina sentensi ndefu yenye amba- zake, na inaishia midomo inapoachana. Hata la sita, lile la barua, barua inakatika anapofika mlangoni. Hata la saba, lililoanzia mwishoni, limeanzia *baada* ya mazungumzo hayo na kurudi hadi *kabla* yake, na katikati pameachwa mwanya.

Mara saba msichana yule alifungua mdomo, na mara saba hakusema neno.

Kubadilisha mtindo hakukuwa chanzo. Kulikuwa kimbilio. Kila alipofika mlango ule, kitabu kipya kilimpa sababu ya heshima ya kurudi ukurasa wa kwanza, na kurudi ukurasa wa kwanza kunafanana sana na kufanya kazi. Kunachosha vile vile, kunajaza daftari vile vile. Mtu hawezi kujishtaki kwa uzembe wakati kidole kimeota sugu kwa kalamu.

Alipokuja Jumamosi sikumwonyesha madaftari. Nilimuuliza tu: "Mwanangu, akishafungua mdomo, anasema nini?"

"Anamuuliza kwa nini aliificha."

"Sawa. Na baba anasema nini?"

Kimya. Alishika pindo la mtandio akaanza kuliviringa.

"Sijui, mwalimu."

"Hujaamua?"

"Hapana. Sijui. Nimesoma vitabu vyote hivi, na sijawahi kumsikia baba wa mtu akijibu swali kama hilo. Wanafoka, au wanakufa kabla ya kuulizwa." Akanyamaza tena. "Na wa kwangu sijawahi kumuuliza swali lolote."

Sikumdadisi zaidi juu ya baba yake. Haikuwa kazi yangu, na riwaya si lazima iwe maisha ya mwandishi. Ilitosha kujua kwamba alikuwa ametafuta mwanzo katika vitabu vya watu, na mwanzo ni kitu kinachoazimika. Jibu la baba yule hakuna aliyekuwa nalo wa kumwazima.

Tulichofanya

Nilimpa kazi moja. Aandike kurasa nne ambazo hazitaingia kwenye riwaya, baba peke yake akizungumza, usiku ule alioipokea barua. Bila msimulizi, bila mandhari, bila "alisema". Na asiandike kwanza. Afungue kinasa sauti cha simu, asimame mahali pasipo na mtu, aseme kwa mdomo kama baba, kisha ndipo anakili.

Alichukua siku kumi. Alipokuja alikuwa na kurasa sita. Baba yule hakuzungumzia masomo hata kidogo katika kurasa mbili za kwanza. Alizungumzia ubao wenye fundo, kwamba fundo hulilazimishi, randa ikipita kinyume itachana mbao yote. Kwamba patasi butu humkata fundi kuliko iliyonolewa. Kwamba vitanda viwili vya mteja vilikuwa havijalipwa. Barua inaingia ukurasa wa tatu, na ameiweka ndani ya droo ya gundi, "kwa leo tu". Halafu kila siku ni leo.

Sikuwa nimekutana na sauti ile katika daftari lolote kati ya saba, wala haikufanana na kitabu chochote nilichojua yeye amekisoma. Nilimuuliza maneno ya useremala ameyatoa wapi. Alikwenda kukaa kwa fundi mmoja jioni tatu, akatazama, akauliza majina ya vifaa. Hakuna aliyemwagiza.

Wiki iliyofuata sura ya nne ilifunguka kwa maneno matatu:

"Shika upande huo."

Ndivyo baba anavyojibu. Msichana anauliza, randa haisimami, na baba, bila kugeuka, anamwambia ashike upande wa pili wa ubao usicheze. Naye anaushika. Barua anaibana kwapani. Wanapiga randa ubao mzima hivyo, maranda yanamdondokea miguuni, na mazungumzo yanaanza baada ya hapo, kwa pembeni, macho ya wote wawili yakiwa kwenye mbao. Nilipofika chini ya ukurasa nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Mengine ni ya utaratibu, nayo nitayapitia haraka kidogo.

Tulihamisha saa. Usiku ukaachiwa kusoma, alfajiri ikapewa kuandika. Nilimweleza habari za Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza aliyefanya kazi Posta kwa miaka mingi, mtu wa barua na majalada kama yeye. Tawasifu yake, iliyotoka 1883 akiwa amekwisha kufariki, inaeleza kwamba saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Yeye alikuwa na mtumishi wa kumwamsha. Binti huyu ana simu chini ya mto, inayotetemeka bila kulia. Na kiasi chake si 250 kwa robo saa. Ni maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, kisha anavaa kwenda kazini.

Lakini lililonifanya nimtaje Trollope si kasi. Anasema kila asubuhi alitumia nusu saa ya kwanza kuisoma kazi yake mwenyewe ya jana, akipima kwa sikio mlio wa maneno. Hapo niliikumbuka ile sentensi niliyoipigia mstari siku ya kwanza. Binti huyu alikuwa anapasha moto kwa kuni za jirani. Sasa kabla ya kuandika anasoma kurasa zake tatu za mwisho, kwa kunong'ona, na hasomi kurasa za mtu mwingine yeyote mpaka awe ndani ya basi.

Sauti ya msimulizi tuliipata kwa njia hiyo hiyo ya kinasa. Nilimwambia anisimulie sura ya kwanza kwa mdomo, na alipoisimulia ilitoka hivi: "Akaingia, akaiona, akaiacha pale pale." Nafsi ya tatu, wakati uliopita, -ka- zikivutana kama mabehewa. Ni daftari la kwanza, lile alilolitupa kabla ya mengine yote. Tulilichukua hilo bila kuligusa, pamoja na makosa yake.

Makosa yalikwenda kwenye "daftari la madeni". Jina hilo ni lake. Kila anapotamani kurudi nyuma kurekebisha, anaandika deni kwa mstari mmoja na kusonga mbele: *Sura ya 2, mama anajua mapema mno. Deni.* Au: *Meza ni ya mninga au mkongo? Deni.* Rasimu ikikamilika ndipo atalipa.

Wiki ya tisa

Nisifiche kwamba aliteleza. Wiki ya tisa alisoma riwaya moja nzito ya nafsi ya kwanza, akaniandikia saa sita usiku: "Mwalimu, nimekosea. Hadithi hii lazima isimuliwe na msichana mwenyewe. Nimeona wazi." Nilimjibu neno moja, *Deni*, kisha sikulala vizuri, kwa sababu huenda alikuwa sahihi. Mhariri mwenye uaminifu lazima aliweke hilo mbele yake.

Asubuhi hakuandika. Wala kesho yake. Siku ya tatu alinitumia picha ya daftari la madeni: *Nataka nafsi ya kwanza. Deni.* Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Lakini msichana hawezi kujua baba alichosema usiku ule, na kurasa zile nitazihitaji.* Amejijibu mwenyewe. Zile kurasa sita nilizomwambia hazitaingia, ameanza kuzinyofoa vipande na kuviingiza, na nadhani yeye ndiye aliyeona mbali kuliko mimi.

Shida hazijaisha. Sura za 11 hadi 13 zimelegea. Watu wanakunywa maji, wanatazama dirisha, hakuna anayetaka kitu. Mwisho wa mwezi masjala ina kazi nyingi na hupoteza wiki nzima. Mtoto mdogo wa dada amejua kwamba mama mdogo huamka alfajiri, naye sasa anaamka ili akae kando yake, na 300 zimekuwa 180 siku kadhaa. Dada, ambaye mwanzoni alilalamikia taa, juzi ameuliza kama yule baba alitubu. Aliyachungulia makaratasi bila ruhusa. Binti alikasirika siku mbili, kisha akamwekea dada sura ya tano juu ya mto wake.

Imepita miezi sita. Yuko sura ya 18, maneno zaidi ya 41,000, bila kuhesabu yale madaftari sita mengine, aliyoyafunga tena kwa uzi ule ule na kuyasukuma chini ya kitanda. Bado anasoma riwaya moja kwa wiki. Bado anapitishwa kituo.

Kuna jambo dogo alilojizoesha karibuni bila kufundishwa na mimi. Muda ukifika wa kujiandaa kwenda kazini haongezi hata herufi moja ili amalize sentensi. Anaikata hapo hapo, ili alfajiri inayofuata asianze na ukurasa mtupu. Jumamosi iliyopita aliniletea ukurasa wa mwisho wa wiki. Ni usiku, karakana, baba na binti peke yao, barua iko juu ya ubao kati yao. Mstari wa mwisho unasema:

"Baba aliweka randa chini, aka"

Nikageuza karatasi. Nyuma hamna kitu.

"Aka-nini?" nikamuuliza.

"Jumatatu, mwalimu," akasema, akaikunja karatasi akaitia mkobani, juu ya kitabu alichokuwa nusu amekimaliza.